Samaki Mbichi, Minyoo na Utumbo: Maswali Ninayoulizwa Kigoma

Kazi yangu ni ya maabara. Nimekaa kwenye hadubini saa nyingi kuliko nilizokaa kwenye kochi langu mwenyewe. Kila ile video ya mnyoo anayejinyonganyonga ndani ya mnofu inapozunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp, simu yangu hailali. Huyu anauliza kama aache migebuka, yule anataka kujua kama dagaa wa Kibirizi ni salama, mama mwingine ana kijana wake Dar es Salaam aliyealikwa sushi na bosi. Nimeyaweka majibu hapa ili niache kuyajibu moja moja saa nne usiku. Maswali mengine nimeyaacha kama yalivyoulizwa.

Kwani hapa Kigoma nani anakula samaki mbichi?

Wachache mno, na hilo ndilo linalotuokoa. Dagaa wa mawese, kuhe wa kukaanga, mgebuka wa kubanika, mchuzi wa ngege na ugali wa muhogo: vyote vimepita motoni.

Ila neno "mbichi" tulielewane. Kwa mnyoo, samaki mbichi si lazima awe yule anayepiga mkia kwenye beseni. Aliyeungua ngozi huku nyama ya karibu na mfupa bado inang'aa kama kioo ni mbichi. Aliyelala kwenye chumvi siku mbili ni mbichi, na aliyekamuliwa limau akageuka mweupe ni mbichi vilevile. Mvuvi mmoja aliwahi kunieleza mapishi yao ya usiku kule ziwani, jiko la mkaa ndani ya boti, upepo unapiga, njaa imewakamata. "Sisi," akasema, "samaki huwa tunamtisha tu na moto." Hapo ndipo penye swali.

Mnyoo anaingiaje kwenye samaki?

Kwa kuliwa, kama anavyoingia kwako. Mfano maarufu ni anisakisi, yule wa kwenye video. Mnyoo mzima hukaa tumboni mwa nyangumi, pomboo au sili. Mayai yanatoka na kinyesi hadi baharini, wanyama wadogo jamii ya kamba wanameza watoto wake, samaki na ngisi wanawameza hao kamba, kisha mnyoo mchanga anajikunja kama springi ya saa kwenye matumbo au kwenye nyama ya samaki. Anasubiri nyangumi aje amle samaki wake. Badala ya nyangumi ukija wewe, anajikuta nyumba ambayo si yake. Humo hawezi kukomaa wala kutaga, na madhara yake mengi yanatokana na kuhangaika kwake humo ndani.

Wa maji baridi wana njia zao. Tegu wa samaki huanzia kwa vidudu vidogo vya majini, akapanda kwa samaki mdogo, kisha kwa samaki mkubwa aliyemla mdogo. Minyoo bapa hupitia kwanza kwa konokono, ndipo waingie kwenye samaki na kujifunika ganda dogo lisiloonekana kwa macho.

Wanauharibu vipi utumbo?

Inategemea ni nani aliyeingia, na kila mmoja ana kazi yake.

Anisakisi hutoboa. Ana urefu wa sentimita 2 hadi 3, mwembamba kama uzi wa kushonea, na mbele ana kijino. Akifika tumboni anazamisha kichwa kwenye ukuta. Maumivu ya tumbo la juu huanza ndani ya saa chache baada ya kula, makali, pamoja na kichefuchefu na kutapika. Asipozama hapo akateremka hadi utumbo mwembamba, dalili huchelewa siku moja hadi tano, na huko ndiko kwenye balaa zaidi. Mwili unamwona adui. Unatuma chembe nyeupe za damu, hasa zile ziitwazo eosinofili, zinamzingira. Ukuta wa utumbo unavimba, unajaa maji, unakuwa mnene. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliovimba kuelekea ndani: njia inabana. Chakula hakipiti, tumbo linajaa gesi, mtu anatapika, haendi choo. Mara chache ukuta hutoboka kabisa, na hapo ni upasuaji wa dharura. Mnyoo mwenyewe hufa baada ya siku chache au wiki mbili tatu, lakini anaweza kuacha uvimbe mgumu ulioundwa na mwili kumzunguka. Wapo waliofanyiwa upasuaji kwa kudhaniwa wana saratani, kumbe ni kaburi la mnyoo.

Kapilaria ni mwingine kabisa, na kwangu mimi ndiye wa kuogopwa zaidi. Ni mdogo, ukimtafuta kwa macho humwoni. Alijulikana Ufilipino kwa mgonjwa wa mwaka 1963, na miaka michache baadaye, 1967 na 1968, mlipuko wake huko uliwakumba watu zaidi ya 1,000, na vifo vikawa vingi. Walikuwa wakila samaki wadogo wa maji baridi wazima wazima, bila kuwapika. Tofauti yake na wenzake ni kwamba huyu huzaliana humohumo tumboni: wachache uliowameza leo wanakuwa maelfu baada ya miezi. Wanajichimbia kwenye utando wa utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vidogo vinavyonyonya chakula vinalala chini, vinakwisha. Mgonjwa anakula lakini chakula hakishiki. Anaharisha wiki baada ya wiki, tumbo linanguruma hadi jirani anasikia, protini na madini ya potasiamu vinatoka na choo, miguu inavimba, mwili unabaki mifupa. Asipotibiwa anaweza kufa, na kinachomuua ni upungufu, mnyoo kwa meno yake hana ubavu huo. Wagonjwa wa kapilaria wamepatikana pia Misri.

Hukohuko Misri, kwenye delta ya Mto Nile, wapo minyoo bapa wadogo waitwao heterofiesi, wafupi kuliko punje ya mchele, wanaopatikana kwa samaki waliotiwa chumvi bila kupikwa. Hawa hujibana katikati ya vinyweleo vya utumbo na kuuletea vidonda vidogo, maumivu na kuharisha choo chenye makamasi. Kabla hujauliza: hapana, maji yetu hayaendi Nile. Ziwa Tanganyika linamwaga kwa Mto Lukuga kuelekea Kongo. Tungekuwa Mwanza swali lingekuwa na haki zaidi.

Na tegu? Ni kweli anafika mita 10?

Ni kweli, na anaweza kupita hapo. Tegu wa samaki ndiye mrefu kuliko minyoo wote wanaokaa ndani ya mtu, na anaweza kuishi humo miaka ishirini na zaidi. Cha ajabu, mwenye nyumba mara nyingi hana habari. Haharibu ukuta kama anisakisi. Anachofanya ni kunyang'anya vitamini B12, na kwa baadhi ya watu hilo huleta upungufu wa damu na ganzi za miguuni na mikononi. Zamani Ufini, nchi ya baridi yenye ziwa kila kona, ugonjwa huo ulijulikana sana. Kwetu ukisikia mtu katoa tegu, mara nyingi ni yule wa nyama ya ng'ombe isiyoiva. Vipande vyake ni kama tambi pana na hutoka vyenyewe. Mshikaki wa barabarani una kesi nyingi kuliko mgebuka.

"Nilipasua ngege nikakuta minyoo myeupe tumboni mwake, inacheza. Nikamtupa. Nilikosea?"

Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote na akina mama wa sokoni, tena kwa kunong'ona, maana mteja akisikia biashara imekufa.

Samaki wa maziwa yetu wana minyoo, siwafichi. Wengi wanaoonekana kwenye tumbo la ngege na jamii zake ni watoto wa minyoo ambao mwenyeji wao wa mwisho ni ndege: mnandi, mwari, korongo. Ndiyo maana unawakuta zaidi sehemu zenye ndege wengi na maji yaliyotulia. Kule Ziwa Victoria dagaa wana wao, mweupe, bapa kama utepe, anayeweza kumjaza dagaa tumbo zima hadi aonekane ana mimba. Naye anamsubiri ndege.

Kwa hiyo ulipomtupa hukufanya dhambi, lakini hukuokoka na kifo pia. Toa matumbo yote mapema, osha uwazi wa tumbo, ukiona mnyoo kwenye mnofu mkate na nyama inayomzunguka, kisha pika. Mnyoo aliyeiva ni protini, hata kama hutaki kusikia. Nasisitiza kutoa matumbo mapema kwa sababu kwa baadhi ya samaki, hasa wa baharini, minyoo iliyokuwa kwenye matumbo huhamia kwenye nyama samaki akishakufa. Samaki aliyeshinda juani na matumbo yake anakuwa na tatizo la minyoo juu ya tatizo la kuoza.

Na anisakisi halisi? Mzunguko wake unahitaji nyangumi, pomboo au sili. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, lina samaki wasiopatikana popote pengine duniani, lakini nyangumi hana. Huyo mwache baharini.

Kwa hiyo sisi tuko salama, tule tu mbichi?

Hapana! Nilijua kuna mtu atafika hapo. Wageni waliokula samaki mbichi wa mtoni huko Botswana na Zambia wamewahi kurudi kwao na mnyoo aitwaye nathostoma, anayetembea chini ya ngozi na kuacha uvimbe unaohama, leo kwenye kiuno, wiki ijayo kwenye bega. Akiamua kwenda kwenye jicho au ubongo, hadithi inabadilika. Na Zambia ndiyo inayoshika ncha ya kusini ya ziwa letu hilihili.

Ukiacha minyoo, samaki mbichi aliyeoshwa kwa maji ya mwaloni ana bakteria. Pwani hii imeshaonja kipindupindu. Mwaka 2015, kwenye kijiji cha Kagunga, kilikumba maelfu ya watu. Tumbo likikuuma usiku baada ya samaki, bakteria wako mbele ya mnyoo kwenye orodha ya washukiwa.

Dagaa wa kuanikwa je? Mimi natafuna wakavu hivihivi.

Mimi pia nilikuwa natafuna, utotoni, kwenye njia ya kutoka dukani; nikifika nyumbani mfuko umepungua napigwa.

Dagaa aliyekauka kwelikweli, anayevunjika kwa kelele, si mahali pazuri pa mnyoo kuishi. Tatizo ni dagaa aliyekauka juu ndani akiwa bado laini, msimu wa mvua ukiwa umebana. Jua la Kigoma si kipimo: leo lipo, kesho wingu. Kubwa zaidi ni pale wanapoanikwa. Dagaa aliyemwagwa kwenye mchanga anaokota vya mchangani, yakiwemo mayai ya minyoo ya kawaida ya tumboni kutoka kwenye kinyesi cha watu. Huyo mnyoo hakutoka ziwani. Wa kwenye kichanja ni bora mara kumi. Vyovyote, chambua, osha kwa maji ya moto, kaanga au chemsha. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba dagaa wa mawese amechemka mno.

Limau, chumvi, siki, pilipili, au konyagi kidogo haviui?

Limau na siki hubadilisha rangi ya nyama, mnyoo hazimbabaishi. Kumbuka anaishi tumboni, kwenye asidi kali kuliko limau lako. Pilipili inakuumiza wewe. Pombe ya kunywa juu ya samaki mbichi ni imani ya walevi wa nchi nyingi, na wote wamekosea.

Chumvi ina hadithi yake. Uholanzi walikuwa, na bado, wanapenda samaki mdogo wa baharini aliyetiwa chumvi kidogo tu, anamezwa kichwa kikiwa kimeinuliwa juu. Mwaka 1960 madaktari wa huko walieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa anisakisi kwa walaji hao. Mwaka 1968 sheria ikaagiza samaki hao wagandishwe kwanza kabla ya kuuzwa, na wagonjwa wakapungua sana. Mapishi hayakubadilika, kilichoongezwa ni baridi tu. Chumvi nyingi ya muda mrefu inaweza kuua, lakini nani nyumbani anapima?

Basi barafu inatosha?

Barafu ya mwaloni, ile ya kuvunjwa kwa nyundo na kumwagwa kwenye sanduku, inachelewesha kuoza. Haiui mnyoo. Inamtunza, kama vile unavyotunza maziwa.

Kinachoua ni kugandisha hadi ndani: nyuzi 20 chini ya sifuri. Ulaya wanataka samaki wa kuliwa mbichi akae kwenye baridi hiyo saa 24 au zaidi, Marekani wanataka siku 7. Friza ya nyumbani inayofunguliwa kila mtoto akitaka juisi, na umeme unaokatika jioni na kurudi usiku, haifiki huko kwa uhakika. Mimi nisingeitegemea.

Na moto, kiasi gani?

Nyuzi 60 katikati ya mnofu, kwa dakika moja nzima, anisakisi amekwisha. Huna kipimajoto, najua. Angalia nyama ya karibu na uti wa mgongo mahali ilipo nene: iwe nyeupe isiyopitisha mwanga, iachane na mfupa kwa kuguswa na uma, damu ya kwenye mshipa wa mgongo iwe imegeuka kahawia. Kuhe ni samaki mkubwa, anafika uzito wa kilo kadhaa. Mkate vipande au mchanje mbavuni kabla ya kumbanika, usimweke mzima juu ya moto mkali ukategemea miujiza. Mchuzi hauna shida, ukichemka umechemka. Samaki wa kopo ameshapikwa kiwandani.

Kisu na ubao vilivyokatia samaki mbichi visiende kwenye kachumbari bila kuoshwa. Hili watu hulisahau hata wapishi.

Nimeshakula mbichi, jana. Nifanye nini?

Kama huna dalili, tulia. Wengi huwa hawapati chochote. Usikimbilie kutapishwa wala kunywa mafuta ya nyonyo.

Andika siku na saa uliyokula, na samaki gani. Ukipata maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikoisha, tumbo kujaa na kuwa gumu, kukosa choo na upepo, damu kwenye choo, au homa, nenda hospitali, si duka la dawa. Na ukifika, sema ulichokula. Daktari wa hapa ana malaria, taifodi, vidonda vya tumbo na kidole tumbo kichwani mwake kabla mnyoo wa samaki hajafika, na ana haki, maana hayo ndiyo anayoyaona kila siku. Asipoambiwa hawezi kuota. Nimeona watu wanaona aibu kutaja chakula kana kwamba wameulizwa mambo ya ndoa. Kwa ugonjwa huu, sentensi "nilikula samaki mbichi juzi" ina thamani kuliko vipimo vyangu vitatu.

Ni kweli watu wamepasuliwa kwa kudhaniwa kidole tumbo?

Ni kweli, hasa anisakisi akiwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, ambapo ni jirani kabisa na kidole tumbo, chini kulia. Maumivu ni yaleyale. Wakati mwingine jibu hupatikana kipande cha utumbo kikishafika maabara na kukatwa. Siwalaumu wapasuaji, tumbo likiwa gumu kama ubao husubiri mnyoo ajitambulishe.

Kipimo cha choo kilisema sina minyoo. Si ndiyo basi?

Hapa niseme kwa sauti, maana ni fani yangu. Kwenye choo mimi natafuta mayai. Anisakisi hatagi ndani ya mtu, kwa hiyo choo kitakuwa safi hata kama mnyoo yuko ukutani anatafuna. Anayemwona ni daktari mwenye kamera ya endoskopi, na huyo huyo anaweza kumshika kwa kibano na kumtoa, na maumivu mara nyingi yakatulia muda si mrefu. Akiwa chini kwenye utumbo mwembamba, kamera ya kawaida haifiki. Hapo ni altrasaundi au CT-scan kuonyesha ukuta ulionenepa, na mara nyingi mgonjwa hupewa dripu, hupumzishwa kula, akangojwa mnyoo afe mwenyewe. Utumbo ukiziba kabisa au ukitoboka ndipo kisu.

Tegu, minyoo bapa na kapilaria hao hutaga, na mayai yao nayaona. Lakini si kila siku. Sampuli moja ikiwa safi, leta ya pili na ya tatu siku tofauti. Kipimo cha damu kikionyesha eosinofili zimepanda ni dokezo, si hukumu. Kwa watu wa ufukweni hupandishwa na mengi.

Mimi hunywa dawa ya minyoo kila baada ya miezi sita. Imenikinga?

Kidonge kimoja cha albendazoli kinawafaa minyoo ya kawaida, wale wa kwenye udongo, wakiwemo wanaoleta safura. Kwa kapilaria dozi ni ya siku kumi au zaidi mfululizo. Tegu na minyoo bapa dawa yao ni prazikwanteli, kwa kupima uzito wako. Kwa anisakisi dawa ya uhakika ni kumtoa au kumngoja. Albendazoli wengine huitumia lakini haijawa jibu la kila mtu. Na hakuna dawa ya minyoo inayokukinga na samaki wa kesho. Inaua waliopo, kisha inatoka.

Mbegu za papai naulizwa pia. Kula ukipenda. Mnyoo aliyezamisha kichwa ndani ya ukuta wa tumbo hazimfikii.

Choo changu kina damu na sijala mbichi maisha yangu yote. Ni mnyoo wa samaki?

Mkazi wa ufukweni akiniambia hivyo, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni kichocho cha tumbo. Huyo hatoki kwenye samaki hata chembe. Anatoka kwenye maji yenye konokono, anapita kwenye ngozi yako ukiwa unaoga, unafua, unavuta nyavu. Mayai yake yana mwiba ubavuni, nikiuona siusahau. Yanakwama kwenye ukuta wa utumbo mpana na kwenye ini, yanauletea vidonda na makovu, na kwa miaka ini na bandama vinaharibika hadi mtu anatapika damu. Ukinipa nafasi ya kuogopesha watu wa Kigoma kwa mnyoo mmoja tu, nitamchagua huyu na si yule wa video. Prazikwanteli ndiyo dawa yake. Amoeba naye yumo kwenye orodha.

Nikila samaki ngozi inawasha na midomo inavimba, hata akiwa ameiva. Kwa nini?

Unaweza kuwa na mzio wa samaki mwenyewe. Wapo pia wenye mzio wa anisakisi: moto unamuua mnyoo lakini baadhi ya protini zake hazivunjiki, na mwili unazitambua. Na kama ni jodari au vibua waliochelewa kuwekwa kwenye baridi, ile ni sumu ya samaki aliyelala, uso unakuwa mwekundu ndani ya dakika chache. Koo likibana, ni dharura.

Paka wangu anakula matumbo mabichi kila siku na ananenepa tu.

Paka na mbwa ni miongoni mwa wenyeji halali wa baadhi ya minyoo hao. Ananenepa na wageni wake, kisha anakwenda kujisaidia karibu na maji. Mchemshie.

Utumbo ulioharibika hupona?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Utando wa utumbo ni kiungo kinachojifanya upya kila baada ya siku chache. Mgonjwa wa kapilaria akipata dawa kamili, maji, madini na chakula cha protini, vinyweleo huota tena, ingawa akikatisha dozi ugonjwa hurudi. Uvimbe wa anisakisi huisha wenyewe kwa wiki kadhaa. Kisichorudi ni sehemu iliyokatwa, na makovu ya kichocho cha miaka kumi.

Kijana wangu ameshaalikwa hiyo sushi Dar. Aende?

Aende, shikamoo ya bosi haikataliwi. Amuulize mpishi kama samaki aligandishwa kwa baridi ile niliyoitaja, na mpishi anayejua kazi yake hatakasirika kuulizwa. Akibabaika, kuna sushi za mboga na za kamba waliopikwa. Japani wenyewe, wanaojua kumtazama samaki kwa taa, ndio wenye wagonjwa wengi wa anisakisi duniani.

Naweza kukutumia picha ya choo kwenye WhatsApp?

Hapana, na wewe uliyenitumia Jumapili nikiwa mezani unajijua. Picha haina mayai. Weka kiasi cha ukubwa wa karanga kwenye kikopo kikavu chenye mfuniko, kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni, andika jina na saa, kifike maabara asubuhi hiyohiyo. Kama kuna mnyoo mzima aliyetoka, usimtupe wala usimuunguze kwa hasira: mweke kwenye chupa yenye maji ya chumvi, au spiriti kama ipo, funga vizuri, uje naye.